Mashua Niliyoipitisha kwa Wakwe

Wenzangu wa bandarini Kisumu, tangu nirudi likizo sijamaliza kikombe cha chai kikiwa moto. Kila nikikaa, mmoja wenu anavuta sanduku karibu na kuuliza, "Kariuki, mashua iko wapi?" Nimemweleza Otieno mara nne. Otieno naye amewasimulia wengine, na habari ilipofika kwa mpishi wa kantini mimi nilikuwa nimekwisha kuliwa na mamba. Kwa hiyo nimeandika. Akishasoma mmoja ampe mwenzake, nami niachwe ninywe chai.

Kwanza niwaeleze shida yenyewe, maana kwenu nilisema tu kwamba naleta mashua. Mke wangu, Wanjiru, alikuwa akikaa Kangema kwa wazazi wake pamoja na watoto wetu watatu: Kimani wa miaka saba, Wambui wa mitano, na Njoroge ambaye hajatimiza mitatu. Wazazi wangu walikwisha kufariki, na kashamba ketu kule Nyeri anakalia kaka yangu na watu wake. Nilipopata kazi hapa, miaka miwili baada ya Uhuru, niliwaambia wakwe, "Nipeni miezi michache nitafute nyumba." Miezi hiyo michache ikawa miaka mitatu. Nilikuwa nikienda Krismasi na Pasaka, nimebeba mkate na sukari, naketi pale wanapoketi wageni. Pasaka iliyopita Njoroge alinitazama nikila, kisha akamwuliza mama yake mbele ya watu wote, "Huyu ataenda lini?" Watu walicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi mpaka macho yakakauka.

Baba mkwe, Mzee Kuria, hakucheka. Alinisindikiza hadi barabarani na kuniambia, "Mwaka huu ukiisha kabla hatujaonyeshwa nyumba, binti yangu na wajukuu watabaki hapa, na wewe utakuwa mgeni wetu wa Krismasi maisha yako yote." Alinipa mkono, akageuka, akaenda zake.

Ndipo Murithi wetu wa langoni, mtu wa Timau, aliponiambia kwamba kwao kuna mashua ya tanga katikati ya mashamba ya ngano, haina mwenyewe wa maana. Wiki hiyohiyo nilikuta katika gazeti kuukuu picha ya Wazungu wanaoishi ndani ya mashua: mama anapika, watoto wanasoma, baba anavuta kiko. Nilijiambia, ikiwa hao waliozoea nyumba ya vyumba kumi wameweza, sisi tuliozaliwa katika chumba kimoja tutashindwaje? Mnajua pia kwamba mimi ni karani wa stoo. Kila kifaa cha chombo nakijua kwa namba ya rafu yake. Kinafanya kazi gani, hilo sijawahi kuulizwa.

TIMAU: MWENYE NYUMBA ALIKUWA NDANI

Barua, hati na mihuri nayaruka. Yalikuwa mambo mengi na hayana utamu.

Mashua yenyewe aliijenga Mzungu mmoja mkulima ndani ya banda la trekta, akikusudia kuizunguka dunia. Aliijenga kwa miaka, na siku alipoimaliza akagundua kuwa mlango wa banda ni mdogo kuliko mashua. Uhuru ulimkuta bado anafikiria. Aliuza shamba, akaondoka kwa ndege. Wanachama wa ushirika walionunua shamba ndio waliobomoa ukuta, si kwa ajili ya mashua, bali kwa sababu walitaka matofali. Niliikuta imelala ubavu kwenye nyasi, urefu hatua tisa za mtu mzima, rangi imebanduka, upepo wa Mlima Kenya unaipiga kutoka upande mmoja na vumbi la ngano kutoka upande wa pili.

Nilifika na lori la Gachanja, dereva wa viazi kutoka Nyeri. Gachanja ni mtu asiyeogopa kitu chochote ila maji. Hapiti darajani bila kuvua kofia.

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee M'Mugambi, alitupokea vizuri, akatupa chai ya maziwa matupu, halafu akasema, "Iko shida kidogo. Kuku yetu iko ndani."

"Tumtoe," nikasema.

"Utamtoa aje? Amelalia mayai kumi na moja. Ukitoa yeye sasa, hiyo mayai yote imekufa."

"Ataangua lini?"

"Siku nane. Labda tisa."

Likizo yangu ilikuwa siku kumi na nne. Nilieleza. Kamati ikaitwa, watu wanane wamejifunika makoti mazito, wakakaa juu ya matairi na kujadili kuku mchana kutwa. Mmoja alisema kuku ni mali ya wanachama wote. Mwingine akasema mayai nayo ni wanachama watarajiwa. Tulikula viazi vya kuchemsha mara mbili. Jioni mwenyekiti alitoa uamuzi kwa sauti ya kanisani: kuku asisumbuliwe, aende na nyumba yake.

Ndivyo nilivyoondoka Timau nikiwa na mashua, mlingoti, tanga lililoliwa na panya, na mama mmoja aliyekwisha kuhamia humo kabla ya mke wangu.

NANYUKI: DUKA LA BWANA RAMJI

Ukibeba mashua katika nchi isiyo na maji, usitegemee kufika mapema. Njiani watu walitoka mashambani mbio. Mzee mmoja wa kanisa, Biblia kwapani, alisimama katikati ya barabara mpaka Gachanja akakanyaga breki. Aliizunguka mashua taratibu, kisha akaniuliza kwa heshima kubwa, "Majina ya watakaookolewa yanaandikiwa wapi?" Nilipomwambia hatuandiki jina la mtu, alinitazama kwa uchungu na kusema alijua tu kwamba safari hii pia watu wa Nyeri watajichukulia wenyewe.

Nanyuki nilitafuta vitu vya kuwalinda watoto. Bwana Ramji, mwenye duka la vyuma na mbao, alitoka nje, akaigonga mashua kwa kidole mbele, katikati na nyuma, kama daktari anayegonga kifua.

"Watoto ngapi?"

"Watatu."

"Dogo kabisa iko miaka ngapi?"

"Hajatimiza mitatu."

Aliacha kugonga. "Mimi kuja hii Kenya na meli," akasema. "Iko miaka ine. Mama yangu funga mimi na kamba hapa kiunoni, ingine funga kwa mguu ya kitanda. Mimi lia. Yeye sema, lia, lakini lia hapa hapa."

Aliingia dukani, akarudi na mikanda mitatu ya ngozi yenye pete za shaba, ile ya kufungia ndama. Akaniuzia pia waya wa kuku wa kuzungushia mashua nzima mpaka kifuani. Niliomba rangi nyeupe kidogo, nikaandika kwenye kila mkanda jina la mwenyewe: KIMANI, WAMBUI, NJOROGE. Nilijiona baba wa kupigiwa mfano. Bwana Ramji aliitazama kazi yangu bila kutabasamu.

"Mama ya watoto yeye nakubali?"

"Atakubali akiiona."

"Basi wewe enda onyesha yeye kwanza. Halafu weka waya."

Sikumsikiliza, tukaweka waya palepale. Ubaya wake ni kwamba mashua yenye waya wa kuku, na kuku ndani, haionekani tena kuwa mashua. Kutoka Nanyuki hadi Kiganjo nilisimamishwa mara tano na watu wanaotaka mayai.

NYERI: FUNDI NA PIMA MAJI YAKE

Nyeri ni kwetu, na ndiyo sababu niliamini ningepata fundi wa maana. Niliipeleka kwa Fundi Wachira. Huyu amejenga nyumba nusu ya mji, viti vya kanisa, na majeneza ya wengi walioketi kwenye viti hivyo. Hajawahi kuona ziwa. Lakini alisema, "Nyumba ni nyumba," akasema kwa uhakika hata mimi nikatulia. Nilimwachia kazi: vitanda viwili, meza, jiko, na sehemu ya watoto. Kisha nikaenda kumsalimu kaka yangu, ambaye alinizuia siku sita kwa sahani za irio na maswali.

Niliporudi asubuhi ya saba kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, na mashua yangu ilikuwa imesimama uani wima, imenyooka, bila nguzo hata moja. Nilishangaa. Mwanzoni ilikuwa haiwezi kusimama kwa sababu ya ule ubao mpana unaoshuka chini ya tumbo lake, ambao wenyewe huuita mkuku.

"Fundi, umeisimamisha vipi?"

"Ilikuwa na mguu moja huko chini," akasema. "Sasa nyumba ya watoto inasimama na mguu moja namna gani? Watoto walale wakiteleza? Nikakata."

"Ukakata?"

"Na usiwe na wasiwasi, sikutupa. Ni mbao mzuri sana. Nimekutengenezea benchi."

Benchi lilikuwepo, limepigwa randa, linang'aa. Nililikalia. Sikuweza kumgombeza, kwa sababu sikujua kazi ya mkuku. Stoo yetu haina mkuku kwenye rafu yoyote, na mimi kitu kisichokuwa na namba hukihesabu kuwa si cha lazima.

Basi Fundi Wachira akanitembeza ndani kwa fahari. Chini alikuwa amemwaga simiti, sakafu laini, mama apanguse kwa kitambaa. Juu aliezeka mabati, akaweka mfereji na pipa la maji ya mvua. Nilimwambia kwamba itakuwa juu ya ziwa, maji ya kutosha. Alinihurumia. "Maji ya ziwa ni ya kila mtu," akasema. "Hii ni yako." Bomba la moshi wa jiko alikuwa amelipitisha kwenye lile tundu la mlingoti, kwa kuwa tundu lilikuwepo tayari na hapendi kuharibu bati. Mlingoti wenyewe akaulaza kando, uwe wa kuanikia nguo. Mwisho alitoa pima maji mfukoni, akaiweka sakafuni, tukainama wote wawili. Kale kapovu ka hewa kalisimama katikati kabisa.

"Ati mashua!" akasema. "Nyeri yote hakuna nyumba imenyooka namna hii."

Wakati huo kuku alikuwa ameangua tisa. Alitoka chini ya kitanda na vifaranga wake, wakapita juu ya sakafu mpya katika mstari, wakarudi. Moyoni nilimwona Wanjiru akifanya vivyo hivyo na watoto wetu. Niseme ukweli, niliipenda ile nyumba.

KARATINA HADI SAGANA: VIAZI WANAJARIBU MAJI

Karatina tulisimama kupakia viazi vya mteja wa Gachanja, na wanawake wa sokoni wakaizunguka mashua wakaikagua kana kwamba wao ndio watakaoishi humo. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Mmoja alitaka kujua choo kiko wapi. Nilieleza mpango wa choo. Yuleyule akasema, "Na hiyo maji ndio mtakunywa?" Nikamwonyesha pipa la Fundi Wachira, na kwa mara ya kwanza nikaelewa hekima ya fundi yule.

Kutoka Sagana barabara inapinda kuelekea Murang'a na Kangema kwa wakwe. Nilisema siwezi kuipeleka nyumba kwa wakwe kabla ya kuijaribu, na hapo Sagana mto upo. Gachanja alivua kofia aliposikia, akasema yeye ataliteremsha lori mpaka ukingoni na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Vijana wanaochota mchanga walishika kamba. Niliomba magunia matatu ya viazi, moja kubwa, moja la kati, moja dogo, nikayafunga kwa ile mikanda, kila gunia mahali pa mwenye jina. Kuku tulimwacha kwenye lori pamoja na watoto wake, maana Gachanja alisema ya mayai amevumilia lakini hatakuwa shahidi wa mauaji.

Mashua ilielea. Nataka hilo lijulikane. Ilielea imenyooka, pima maji ikiwa palepale, na watu wa ukingoni wakapiga makofi. Kilichonishangaza ni kwamba haikuwa na nia ya kwenda mahali popote. Ilizunguka yenyewe polepole, mkuku wake ukiwa benchi, na mimi nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu wa maana. Palikuwa na mzee akinywesha ng'ombe ng'ambo. Nilimpungia mkono, nikazunguka, nikampungia tena. Mara ya tatu alipaza sauti: "Wewe! Unanisalimia mara tatu, unataka nini kwangu?"

Kisha mkondo ukaikamata. Tuligonga fungu la mchanga, mashua ikalala upande, nami nikaanguka juu ya jiko. Nilipoinuka nilihesabu magunia. Kimani yupo. Wambui yupo. Mkanda wa Njoroge ulikuwa umening'inia mtupu, pete inagonga ubao. Gunia dogo halina kiuno, lilikuwa limechomoka na kuuvuka waya uliolala majini. Niliangalia majini, nikaona kona yake mara moja, kisha sikuliona tena.

Vilikuwa viazi, nami nilijua ni viazi. Lakini nilipiga kelele jina la mtoto. Niliita mara mbili, Gachanja akatupa kofia yake na kuingia majini mpaka magotini, yeye asiyependa hata madimbwi, akiuliza, "Nani? Nani ameanguka?" Nilimwonyesha ule mkanda mtupu.

Ilichukua watu ishirini na kamba mbili, lori likivuta, mchana mzima, kuirudisha mashua juu. Ningekuwa mtu mwenye akili, hapo ningegeuza safari. Nilichofanya ni kutafuta msumari wa moto, nikatoboa tundu moja zaidi kwenye mkanda wa Njoroge, na kumwomba Gachanja asimwambie mtu.

KANGEMA: WANAWAKE WALETA KUNI

Barabara ya Kangema ni ya udongo mwekundu na inapanda tu, chai huku na chai kule. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Tulifika kwenye kituo cha kununulia chai, karibu na boma la Mzee Kuria, na lori likagoma kupanda zaidi. Kwa hiyo nyumba yangu ilikaguliwa hapohapo kando ya barabara.

Kwetu Wakikuyu binti akipata nyumba mpya, wanawake wa ukoo humwendea na mizigo ya kuni, ndizi, nduma, unga, vibuyu. Hawaji mikono mitupu, na walicholeta hakikataliwi. Mimi nilijua desturi hiyo, ila nilikuwa nimesahau kwamba huhusu nyumba, na kwamba mimi ndiye niliyeapa kuwa hii ni nyumba. Wakaja thelathini. Kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wanaimba. Wakazipanga ndani ya mashua, juu ya sakafu ya simiti, mpaka kitanda cha watoto kikafunikwa. Gachanja alikuwa anatazama matairi yake.

Desturi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe haruhusiwi kutia macho kwenye kitanda cha mkwewe. Katika mashua ile, ukifungua mlango, kitu cha kwanza ni kitanda changu. Fundi Wachira alikuwa amekiweka hapo kwa sababu ndipo pakavu. Basi mama mkwe alisimama nje, ameigeuzia mashua mgongo, shali kichwani, akaikagua kwa kumtuma Wambui, ambaye humwita bibi yake Cucu.

"Cucu anauliza jiko liko wapi."

"Mwambie liko kona ya kushoto."

"Cucu anauliza yeye akija kututembelea atakaa wapi."

Nilifikiri. "Mwambie atakaa kwenye benchi, nje."

Wambui alikwenda, akarudi. "Cucu anauliza, nje ni wapi? Nje si ni maji?"

Mzee Kuria alikuwa amekaa juu ya kikapu cha chai kilichopinduliwa. Wanjiru alikuwa ndani, anapitisha mkono kwenye mbao, anafungua na kufunga kabati. Nilimtazama usoni na sikuweza kusoma kitu. Kimani alikwisha kupanda juu ya mabati. Njoroge alikuwa anawafukuza vifaranga, anacheka, na nikadhani mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo Wambui akatoka anaburuta mkanda. "Cucu, tazama, hii imeandikwa jina langu!"

Kuimba kulikatika. Mzee Kuria alinyoosha mkono, akauchukua ule mkanda, akapitisha kidole ndani ya pete ya shaba. Yeye amefuga ng'ombe maisha yake yote.

"Hii ni ya ndama," akasema.

"Ilikuwa," nikasema. "Sasa ni ya watoto. Wasianguke."

"Watafungwa?"

"Mchana tu."

"Na usiku?"

"Na usiku pia."

Wanjiru alitoka mlangoni, amemshika Njoroge. Aliongea polepole. "Baba Kimani, umeijaribu?"

Kwa miaka mitatu niliwaandikia watu wale barua zenye uongo mdogomdogo kuhusu nyumba inayokaribia kupatikana, na uongo wa nne au wa kumi usingenishinda. Lakini Njoroge alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Nimeijaribu kwa viazi, hapo Sagana. La Kimani na la Wambui yalibaki. La Njoroge lilikwenda na maji."

 Mama mkwe, bado ametugeuzia mgongo, alishika shali lake kwa mikono yote miwili.

Ndipo Gachanja akapiga ukelele kwamba lori linazama. Kuni za wanawake thelathini, simiti ya Nyeri na pipa lililokwisha kujaa mvua vilikuwa vimelisukuma gurudumu la nyuma ndani ya matope mpaka ekseli. Nilisema kuni zitolewe. Wanawake walinitazama kana kwamba nimetukana. Zawadi iliyoingia nyumbani kwa binti haitolewi tena, ni mkosi. Wazee walikuwa bado wanajadili kama kutoa kuni nusu ni nusu mkosi, mashua ikateleza yenyewe, taratibu, ikashuka kutoka kwenye lori, ikakaa kwenye tuta la chini ya kituo cha chai. Haikuvunjika hata ubao, na lori lilipopata wepesi Gachanja akalitoa matopeni. Ilikaa imenyooka sawasawa, nami nilijua bila pima maji kwamba haitatoka hapo tena.

Wanjiru akaingia ndani yake, akaanza kutoa vitu. Blanketi. Sufuria. Nguo za watoto nilizokuwa nimezipanga kabatini. Nilisimama kwenye mvua nikimwangalia akivifunga kwenye shuka, na nikajua kwamba ndiyo imekwisha, anarudisha vitu kwa mama yake, nami nitakuwa yule wa Krismasi. Nililia mbele ya wakwe. Sikujificha nyuma ya kitu.

"Kisumu unalala wapi?" akaniuliza, bado anafunga.

"Mahali."

"Mahali gani?"

"Chumba. Kimoja. Ni kibaya."

"Kina mlango?"

"Kina."

"Unafungika?"

"Ukiusukuma kwa bega."

"Maji?"

"Bomba liko uani. Tunatumia watu wa vyumba vinane."

Aliacha kufunga, akanitazama. Nimewahi kumwona amekasirika, lakini si vile. "Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nalala kwa mama yangu kama niliyeachwa, na kumbe kuna chumba. Nani alikwambia mimi nataka mashua? Nilikwambia lini? Wewe uliona haya kuniweka katika chumba kimoja, ukaona afadhali uniweke mahali watoto wanafungwa kama ndama?"

Ndivyo ilivyokuwa.

Alijitwika ule mzigo. Hakuelekea kwa mama yake. Aliuweka ndani ya lori, mbele upande wa abiria, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, uliomba tuonyeshwe nyumba. Nitakwenda kuiona mwenyewe, nitakuandikia."

Mzee Kuria bado alikuwa na mkanda mkononi. Aliniuliza swali moja tu. "Hicho chumba kina kamba?"

"Hakina, mzee."

Akauviringisha mkanda, akautia mfukoni. "Basi mwende."

KISUMU

Mashua iko Kangema na haiuzwi. Kitanda changu kilitolewa siku ileile, kwa hiyo mama mkwe anaingia apendavyo, na wachuma chai hukaa kwenye benchi la Fundi Wachira mvua inaponyesha wakingoja lori la chai. Kuku na watoto wake tisa wanakaa humo bado. Nasikia hawajafungwa.

Na sasa jambo ambalo hamkuniuliza, kwa sababu mlikuwa mnauliza ya mashua tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika kwangu. Nilikuwa nawaaga pale kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, nikasema naishi hapo mbele kidogo, nikangoja mwondoke. Wanjiru na watoto wana wiki sasa katika chumba hicho, na wiki nzima nimeendelea kuwaaga penye kona ileile. Jana aliniuliza kama nina marafiki kazini. Nilisema ninao. Akaniuliza kama wana majina, nikayataja yote. Akasema, "Basi wanakula nini?"

Jumapili baada ya kanisa atapika githeri. Piteni ile kona, ni chumba cha nane, mlango wa bluu. Ukigoma, sukumeni kwa bega.